Runinga Inayosema Bila Kuonyesha

Mtangazaji anasoma habari, matangazo ya sabuni yanapita, rimoti inapandisha na kushusha sauti vizuri tu, lakini kioo ni giza tupu. Hapo ndipo mwenye runinga anapoambiwa na jirani, na wakati mwingine na fundi mwenyewe, kwamba kioo kimekufa, kioo kipya bei yake inakaribia ya TV nzima, kwa hiyo bora atafute nyingine. Nusu ya hukumu hiyo ni kweli. Paneli ndiyo spea ghali kuliko zote, na kwa TV nyingi za majumbani haina maana kuinunua. Nusu nyingine ndiyo yenye walakini, kwa sababu kioo kilichokufa kweli huonyesha mistari, madoa meusi, nyufa au picha ya upande mmoja. Ni nadra kiwe giza lote huku sauti ikitoka safi.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mita wala bisibisi. Taa za chumba zinazimwa, TV inawashwa, kisha tochi ya simu inasogezwa karibu kabisa na kioo kwa kuinamishwa kidogo. Kama menyu au nembo ya kituo inaonekana kwa mbali chini ya mwanga ule, basi paneli ni nzima, bodi kuu inafanya kazi, na kinachokosekana ni mwanga wa nyuma tu, ule ambao mafundi wanauita baklaiti. Dakika moja ya tochi imeokoa runinga nyingi zilizokuwa njiani kuelekea kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Sababu ni kwamba ndani ya paneli ya LCD hakuna kitu kinachotoa mwanga. Fuwele zake hufungua na kuziba njia ya mwanga unaotoka nyuma, basi. TV za chogo zilijitengenezea mwanga kwenye kioo chenyewe, na OLED za leo nazo hujiangazia kila nukta, kwa hiyo hazina baklaiti ya kuungua. Zilizo katikati, yaani runinga bapa zilizojaa majumbani, zilianza na mirija myembamba ya floresenti iliyohitaji volti mia kadhaa na zaidi kuwaka. Kuanzia 2009 hivi viwanda vilihamia kwenye vijitaa vya LED, na wauzaji wakaanza kuziita TV za LED. Neno hilo kwenye boksi linaelezea taa tu. Kioo chake ni LCD ile ile.

Vijitaa hivyo hupangwa kwa namna mbili. Katika TV nyembamba sana hukaa pembeni, na mwanga husambazwa na bamba la plastiki angavu. Katika TV nyingi za bei nafuu hukaa nyuma ya kioo, kwenye mikanda ya alumini, kila kijitaa na lenzi yake. Vyote vimefungwa mfululizo kama shanga za uzi mmoja: kimoja kikikatika, mkondo unakatika kwa wote. TV ya inchi 32 yenye mikanda miwili ya taa sita-sita ina taa 12. Zikiwa za volti 3, mstari mzima unataka volti 36 hivi. Zikiwa za volti 6, ambazo ni vijitaa viwili ndani ya ganda moja, unataka 72. Fundi asiyejua anashughulika na aina gani anaweza kuweka taa sahihi kwa ukubwa na mbaya kwa volti, kisha akashangaa kwa nini upande mmoja unang'aa na mwingine unafifia.

Hapa ndipo ugonjwa unapoanza kujificha. Saketi inayoendesha taa hizo haipeleki volti kwa upofu. Inapima mkondo unaorudi. Mstari ukikatika, haioni mkondo, inapandisha volti ikitafuta njia, na zikifika kikomo inajifungia isilete moto. Kwa macho ya mwenye TV, kioo kinabaki giza, au kinamweka sekunde moja au mbili kisha kinazima. Kuna TV zinazoendelea na sauti baada ya hapo. Kuna nyingine ambazo bodi kuu hupewa taarifa, inaamuru kila kitu kizime, na taa nyekundu ya stendibai inaanza kupepesa. Mwenye nayo anafika kwa fundi akisema TV inajizima yenyewe. Fundi mwenye haraka anasikia neno kujizima, anaikimbilia pawa saplai, anabadili kapasita tatu na aisii moja, na tatizo liko pale pale kwa sababu pawa saplai ilikuwa inajilinda tu.

Kosa kubwa la karakana nyingi, kwa hiyo, si uhaba wa vifaa. Ni kuishia kwenye kilichoungua bila kuuliza kilichokiunguza, au kuilaumu bodi iliyozima bila kuuliza nani aliyeiambia izime. Kwa TV, jibu hupatikana kwa kufuata umeme hatua kwa hatua tangu ukutani, na njia yenyewe si ndefu.

Umeme wa volti 230 wa Tanzania, au 240 wa Kenya, unapita kwenye fyuzi, kisha kwenye vichujio, kisha daraja la dayodi nne linaugeuza kuwa umeme wa njia moja. Kapasita kubwa inayofuata huujaza hadi kilele cha wimbi, kwa hiyo mita haisomi 230 hapo bali 325 hivi. Katika TV kubwa kuna hatua ya ziada inayopandisha hadi 380 au 400. Mosfeti inaukatakata umeme huo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, transfoma ndogo ya feraiti inaushusha, na upande wa pili zinatoka volti 12, wakati mwingine 24, pamoja na zile 5 au chini kidogo za stendibai ambazo hubaki hai hata TV ikiwa imezimwa kwa rimoti. Kati ya pande mbili kuna kisanduku kidogo chenye miguu minne, optokapla, kinachopeleka taarifa kwa mwanga ili pande hizo zisigusane.

Kutogusana huko kuna maana mbili kwa mwenye mita. Ya kwanza ni kwamba pande hizo zina ardhi mbili tofauti. Ukipima kapasita kubwa huku waya mweusi uko kwenye fremu ya chuma ya TV, utasoma upuuzi, na bodi nzima inaweza kuhukumiwa kwa kipimo hicho. Ya pili ni ya uhai. Kapasita ile inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya plagi kuchomolewa, hasa pale ambapo saketi imeshakufa na hakuna wa kuzitumia. Kuna mafundi wanaozitoa kwa kugonganisha miguu na bisibisi, cheche inaruka, wanacheka. Njia ya watu wazima ni rezista ya maelfu kadhaa ya omu na wati za kutosha, au balbu ya zamani ya nyuzi yenye waya mbili, na kisha mita ithibitishe kwamba kweli hakuna kitu. Asiye na uhakika wa kufanya hivyo hana haja ya kufungua mfuniko. Tochi tu inamtosha.

Ukiisoma kwa mpangilio, bodi hujieleza. Kama hata taa ya stendibai haiwaki, kazi iko upande wa moto, yaani ule unaopokea umeme wa ukutani: fyuzi, daraja, mosfeti, au saketi ndogo ya stendibai. Kama stendibai ipo lakini TV haiamki, swali ni la bodi kuu: je, ukibonyeza rimoti, pini iliyoandikwa PS-ON inabadilika? Isipobadilika, pawa saplai haijaombwa chochote na haina kosa. Ikibadilika na volti 12 zikaja imara, sauti itatoka, na uchunguzi unahamia kwenye pini ya BL-ON na jirani yake ya kurekebisha mwangaza. Amri ikifika, hatua ya mwisho ni kupima volti zinazokwenda kwenye taa wakati ule ule wa kuwasha. Zikiruka juu kupita kawaida kisha zikaanguka, mstari wa taa umekatika. Zikibaki pale zilipoanzia bila kupanda, saketi ya kuendesha taa ndiyo mgonjwa. Vipimo hivyo vinne au vitano vinafanyika kabla kahawa haijapoa, na ni ajabu jinsi vinavyorukwa.

Fyuzi inastahili maneno yake. Iliyokatika taratibu, waya wake umeachana tu na kioo chake ni safi, huenda imechoka. Iliyopasuka au kuwa nyeusi ndani imepitishiwa mkondo mkubwa ghafla, maana yake mbele yake kuna kitu kimeshikana: mara nyingi mosfeti au daraja. Kuweka fyuzi nyingine na kuchomeka moja kwa moja ni kuiunguza ya pili. Mafundi wa zamani wana dawa nzuri ya hili, nayo ni balbu ya wati 60 au 100 iliyofungwa mfululizo na TV. Kama kuna kushikana, balbu inawaka kwa nguvu zote na hakuna kinacholipuka. Kama saketi ni nzima, balbu inameta kidogo wakati kapasita inajaa kisha inafifia. Balbu za kuokoa umeme hazifai kwa kazi hii, kwa hiyo fundi mwerevu huficha zile za nyuzi alizobaki nazo. Kuhusu wale wanaoweka kipande cha waya badala ya fyuzi ili kazi iende, hakuna la kuwatetea. Wamehamishia fyuzi kwenye nyaya za nyumba ya mteja.

Kapasita ndogo za upande wa pili zina historia ndefu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 soko la dunia lilijaa kapasita zenye kimiminika kibovu, nyingi kutoka Taiwan, zikavimba vichwa na kuvuja ndani ya kompyuta na runinga. Nchini Marekani, kesi ya pamoja ya wateja dhidi ya Samsung kuhusu TV zenye tatizo la kapasita ilimalizika kwa makubaliano mwaka 2012. Runinga hizo zilikuwa zikilia tik, tik, tik bila kuwaka, na chanzo kilikuwa kapasita chache za bei ndogo kwenye bodi ya umeme. Leo ubora umepanda, lakini hesabu ya joto haijabadilika. Kwa kanuni ya kukadiria ambayo wahandisi wanaitumia, kila nyuzi joto 10 zinazoongezeka hukata umri wa kapasita nusu. Iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 inaweza kufika saa 32,000 ikikaa kwenye nyuzi 65, na 16,000 tu ikikaa kwenye 75. Kwa familia inayowasha TV saa tano kwa siku, tofauti ni kati ya miaka 17 na chini ya miaka tisa. TV iliyobanwa ndani ya kabati la sebuleni Tanga au Mombasa, king'amuzi kikiwa kimewekwa chini yake na kupuliza joto juu, imeshachagua upande wake. Na kapasita mbaya si lazima ivimbe. Inaweza kuwa na umbo zuri kabisa huku ukinzani wake wa ndani umepanda, ikaonyesha volti 12 kwenye mita wakati wa stendibai na kushuka hadi tisa TV inapoomba nguvu.

Kisha kuna umeme wenyewe. Wateja wengi husema TV iliungua umeme ulipokatika. Kwa kweli pawa saplai nyingi za kisasa zimetengenezwa kupokea kati ya volti 100 na 240, na umeme mdogo unaofanya balbu ziwe njano mara nyingi hazijali. Kinachoumiza ni kurudi. Baada ya giza la nchi nzima, kama lile la Kenya usiku wa 25 Agosti 2023 au la Tanzania la 1 Aprili 2024, mafriji, pampu na majokofu ya mtaa mzima huanza au kuacha kwa wakati mmoja na volti kuyumba. Ubaya zaidi, na usiotangazwa na mtu, ni nyutro inapolegea kwenye nguzo. Nyumba zilizo kwenye fezi tofauti hujikuta zimegawana karibu volti 400 bila usawa: kwa mmoja taa zinafifia, kwa jirani TV tatu zinakufa dakika moja. Kwenye bodi kuna kidude chenye umbo la sarafu ya rangi ya buluu, varista, kilichowekwa kwa ajili ya siku hiyo. Kinajishikanisha, fyuzi inakatika, na kilichobaki kinaweza kupona. Fundi anayekiondoa na kubadili fyuzi peke yake anairudisha TV nyumbani ikiwa hai, lakini haina ngao.

Kile kifaa ambacho watu wanakiita gadi, kinachosubiri dakika kadhaa umeme utulie kabla ya kuupitisha, ni pesa iliyotumika vizuri kuliko udhamini wa maneno wa muuzaji. Hakizuii kila kitu. Katika maeneo yanayozunguka Ziwa Victoria, ambako ngurumo na radi ni za mara kwa mara, umeme wa radi huingia pia kwa waya wa dishi, ukapita kwenye king'amuzi, ukafika TV kwa kebo ya HDMI. Hapo pawa saplai inapimwa na kukutwa nzima kabisa, bodi kuu ndiyo imekwenda. Mende na mijusi wanaolala kwenye joto la bodi nao wana orodha yao ya mauaji, mara nyingi wakijiua wenyewe kwanza.

Tukirudi kwenye taa, mabishano makali ya mafundi yako hapa: kubadili kijitaa kimoja, kukiruka, au kuweka seti mpya? Kukiruka kwa kuunganisha waya ndiyo njia ya bei rahisi na mbaya kuliko zote, kwa sababu inaacha doa la giza na haigusi chanzo. Kubadili kimoja kunafaa pale ambapo wenzake bado ni wapya. Lakini taa 12 zilizofanya kazi pamoja miaka minne zimechoka pamoja, na aliyekufa leo amewatangulia wenzake kwa miezi michache tu. Dalili ni rangi. Njano ya fosfa inayofunika kijitaa ikishapungua, mwanga unageuka buluu au zambarau, na hakuna mpangilio wa menyu utakaourudisha. Hapo seti nzima ndiyo kazi ya haki, na mteja aambiwe bei kabla ya kioo kunyanyuliwa.

Kilichoziunguza taa, mara nyingi, ni mkondo uliopangwa kiwandani. TV inauzwa dukani ikiwa imewashwa pamoja na nyingine ishirini, na inayong'aa zaidi ndiyo inayovuta macho. Kwa hiyo taa hutoka kiwandani zikiendeshwa karibu na kikomo chake, kwenye mkanda mwembamba wa alumini usio na pa kupeleka joto. Fundi anayeweka seti mpya na kuacha mkondo ule ule amejiandikia kazi nyingine ya mwaka ujao, na kuna wanaoipenda kazi hiyo. Mwingine hutafuta zile rezista ndogo zilizopangwa sambamba karibu na saketi ya taa, anatoa moja, mkondo unapungua kwa sehemu ya nne au ya tatu, na jicho haliioni tofauti sana kwenye chumba cha kawaida. Hata bila kufungua chochote, kushusha kipimo cha baklaiti kwenye menyu kutoka 100 hadi 60 au 70 kunafanya kazi ile ile. Hiyo inamhusu kila mwenye TV nzima, leo hii.

Kufika kwenye taa ndiko kunakoua vioo. Paneli ya inchi 55 ni karatasi ya kioo isiyopenda kushikwa na mtu mmoja, na pembeni yake zimebandikwa riboni laini ambazo zikivutwa kidogo huleta mistari isiyotibika. Karatasi nyeupe za kusambaza mwanga zina mpangilio wake, upande wake wa juu na wa chini, na zinatunza alama za vidole. TV iliyoingia na kosa la taa hutoka na kosa la kioo, na ubishi wa nani alivunja nini hauna shahidi.

Soko limeleta njia ya mkato kwa kila hatua. Kwenye maduka ya Kariakoo na ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi kuna bodi za jumla zinazobeba pawa saplai, bodi kuu na kiendeshi cha taa pamoja, zikiwemo zile za familia ya V56 na V59, na kuna viendeshi vya taa vya kufunga popote. Zimeokoa TV ambazo spea zake halisi hazipatikani. Pia zimeua mikanda mingi mipya, kwa sababu bodi ya jumla haijui TV iliyopachikwa ina taa ngapi wala zinataka mkondo gani. Lazima aliyeifunga aipime na kuipangia. Njia bora, ikipatikana, ni bodi ya TV pacha iliyovunjika kioo. Hiyo haina thamani sebuleni, lakini pawa saplai yake ni mali, na namba ya kuitafutia ni ile iliyobandikwa kwenye bodi yenyewe, kwa mfano zinazoanza na BN44 kwa Samsung au EAY kwa LG, kwa kuwa modeli moja ya TV inaweza kutoka kiwandani na bodi za aina mbili au tatu.

Sheria nazo zimeanza kuingia kwenye jambo hili, ingawa mbali na hapa. Tangu 1 Machi 2021 Umoja wa Ulaya unawataka watengenezaji wa skrini kuwapa mafundi wenye ujuzi spea kadhaa kwa angalau miaka saba baada ya TV ya mwisho ya modeli hiyo kuingia sokoni. Orodha inataja pawa saplai ya ndani, viunganishi na kapasita kubwa. Mikanda ya taa, yaani kitu ambacho karakana hukikuta kimekufa kila mara, haimo. Mikanda inayouzwa Afrika Mashariki hutoka zaidi kwa watengenezaji huru wa China, wazuri na wabovu kwenye mfuko mmoja, na alumini ya mkanda mbovu huwa nyembamba kiasi cha kukunjika kwa vidole viwili, dalili kwamba joto halitakuwa na pa kwenda.

Ndiyo maana kazi ya TV haipaswi kukabidhiwa ikiwa imewaka dakika tano mezani na mgongo wazi. Feni ya dari inaipoza, bodi iko hewani, kila kitu kinaonekana kizuri. Mfuniko ufungwe, isimamishwe wima kama itakavyokaa nyumbani, iachwe ikicheza picha nyeupe kwa saa mbili au tatu, kisha volti za taa na zile 12 zipimwe tena zikiwa za moto na zilinganishwe na zile zilizopimwa ilipowashwa. Mteja anayeandikiwa namba hizo kwenye risiti ana kitu cha kurudi nacho iwapo giza litarejea, na fundi atakayeipokea, awe yule yule au mwingine, hataanza kutafuta upya.